Alimwambia Mkewe ni Jiwe

Asubuhi ile ya mapumziko, wenzangu, nyumba ya fundi friji ilikuwa imetulia. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha, alikuwa dirishani akishona mikunjo ya sketi za shule, na mabinti zake wawili walikuwa sakafuni wakigeuza mabaki ya vitambaa kuwa wanasesere. Cherehani aliiendesha kwa mguu, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya mkono wa kulia. Mkono ule ndio uliolisha nyumba kila mafriji ya mtaa yalipokataa kuharibika.

Kisichotulia kilikuwa tangi la samaki. Lilikaa sebuleni, mahali palipokuwa na kabati la vyombo, na pampu yake ilinguruma mchana kutwa. Fundi alilijaza samaki aliowavua mwenyewe, wengine kwenye miamba ya bahari maji yakipwa, wengine kwenye mdomo wa mto, ambako maji ni chumvi nusu. Akawatia wote pamoja bila kumuuliza mtu. Wa mtoni wakavimba, wa baharini wakakataa kula, na kila alipoamka alitoa mizoga kwa upawa wa jikoni.

"Baba Pacha, hawa viumbe wanateseka," mkewe alimwambia.

"Wakifa si nitaleta wengine? Bahari haijafungwa."

Nisikilizeni hapo. Mtu anasema hivyo juu ya kitu chenye uhai, kisha anakaa anakula ugali wake, nao unamtelemka vizuri! Na hizo ndoo za maji ya chumvi nani alizibeba? Nani alisugua ukoga kwenye vioo? Si yeye. Yeye alikuwa bwana wa kuvua na kuonyesha wageni. Mwishowe Mama Pacha akachoka.

"Samaki mwingine asiingie humu ndani. Hata mmoja."

"Nimekuelewa, mke wangu. Yameisha."

Hayakuisha. Alipokwenda tena miambani alirudi na ndoo aliyoifunika kwa gunia.

"Umeleta nini tena?"

"Jiwe tu. Hao waliobaki wapate pa kujificha."

Kweli lilifanana na jiwe, lina magamba ya tope na vinundu. Lakini lilikuwa samaki, na fundi alilijua hilo tangu alipomchota kwa wavu akamwona anapumua. Asichokijua ni kwamba miiba ya mgongo wake ina sumu, kwa sababu hakutaka kujua. Akawasimulia rafiki zake kijiweni, wakacheka wakapigana viganja kwamba amempiga chenga mkewe.

Sasa turudi asubuhi ile. Fundi alikuwa uani akihangaika na mota ya friji. Akaita, "Mama Pacha! Nifutie kile kioo, kuna mgeni anakuja kuona. Mikono yangu ina grisi."

Mama Pacha akaweka mkasi chini, akakunja mikono ya blauzi, akaingiza mkono wa kulia ndani ya maji. Jiwe lilikuwa limeegemea kioo. Akalishika alisogeze.

Ukelele wake uliwatoa majirani nje. Fundi akaja mbio, na kwa akili yake ya mafriji akaona dawa ya kila kitu ni baridi. Akauzika mkono wa mkewe kwenye mfuko wa barafu, akaufunga kwa kanga. Maumivu yakapanda hadi kwapani.

Walipofika zahanati, muuguzi akauliza, "Umechomwa na nini, dada?"

"Jiwe," Mama Pacha alisema akitetemeka. "La kwenye tangi la samaki."

Muuguzi akamgeukia fundi. "Baba, hakuna kingine humo chenye miiba?"

"Ni... ni jiwe tu, sista."

Jamani! Mke anasaga meno kwa uchungu, na mume anaulinda uongo wake asije akaaibika! Muuguzi akaosha jeraha kama mkato wa kawaida, akaurudishia mfuko wa barafu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mpaka Mama Pacha alipotapika na midomo ikampauka, ndipo mwanamume yule akapata ulimi.

"Sista, lile jiwe ni samaki."

Muuguzi akautupa mfuko wa barafu. "Sumu ya namna hii inatulizwa kwa maji ya moto anayoweza kuyavumilia! Nimekuuliza, ukaniambia ni jiwe?" Akamwita daktari kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Mama Pacha alipona, lakini nyama ya kidole cha shahada ilikuwa imeshakufa. Wakakikata. Dole gumba likabaki na ganzi, halishiki sindano. Zile sketi za shule akapewa mshonaji mwingine.

Siku moja, majirani walipokuja kumpa pole, alisikia kutoka chumbani sauti ya mumewe sebuleni: "Sogeeni mwone. Huyu ndiye aliyemchoma." Wageni wakawa wanachungulia kioo. Mama Pacha akatoka na bandeji yake.

"Chukua ndoo. Warudishe ulikowatoa, kila mmoja kwao."

"Hata huyu? Si bora tumuue?"

"Mimi sina ugomvi na samaki. Yeye hakuja hapa kwa hiari yake. Aliyenikata kidole ni mtu aliyenitazama machoni akaniambia ni jiwe."

Wageni wakatazama sakafu. Fundi akabeba ndoo, kwa mara ya kwanza peke yake, safari baada ya safari. Aliporudi safari ya mwisho akauliza, "Nimewarudisha wote. Umenisamehe?" Mama Pacha akamwambia, "Toa na tangi."

Funzo

Samaki wa bahari na wa mdomo wa mto si mapambo ya sebule. Ukitaka kumwona, nenda maji yakipwa, mtazame, umwache. Usimwingize nyumbani kiumbe usiyemjua, na ukishakosea, sema upesi, maana aibu yako haina thamani ya mwili wa mwenzako. Nasema kwa hasira kwa sababu naona matangi mengine yanaletwa mtaani. Lile la fundi lipo uani, tupu. Anayelitaka aende kwa Mama Pacha, ila kwanza amsalimie kwa mkono wa kulia.