Mvumo wa Chunguni

Sisi huku Klaten, kisiwani Java, hatuchimbi hata shimo la kupanda mgomba bila kuomba ruhusa. Unainama, unanong'ona, "Samahani wenyeji, naomba njia," ndipo unapiga jembe. Prasojo alilijua hilo tangu utotoni. Lakini siku ile alikuwa na hasira, na mwenye hasira hapigi hodi.

Hasira yenyewe ya kipuuzi. Alikuwa amejenga amplifaya ya hedifoni kwa mikono yake: mbele taa moja ya kioo ya kizamani, ile inayowaka rangi ya chungwa, nyuma transista zenye chuma cha kupoozea, vyote ndani ya kasha la alumini alilolikata kwa msumeno. Muziki ulitoka mtamu ajabu. Ila chini ya muziki kulikuwa na mvumo, nnnnnn, hauna mwisho. Alibadilisha kapasita, akalehemu upya kila kiungo, akazitenga nyaya za taa na nyaya za sauti. Wapi. Akiweka kiganja juu ya kasha, mvumo unakatika. Akikiondoa, unarudi.

Rafiki yake Gandung, fundi mwenzake, alikuja kuisikiliza akavua hedifoni akitabasamu.

"Kasha lako halina ethi, waya wa kwenda ardhini," alisema. "Ukiligusa, mwili wako ndio unaopeleka ule uchafu ardhini. Piga fimbo ya shaba nje, vuta waya, kwisha kazi. Au Jumapili uje nayo kwenye mkutano wetu wa mafundi umeipakata kama mtoto mchanga. Sisi tutakupiga picha."

Prasojo hakucheka. Gandung alipoondoka tu, alichukua fimbo na nyundo akatoka mlango wa mbele. Ethi hutaka udongo wenye unyevu, naye akauona unyevu pale ukutani, kando ya mlango, ambapo mkewe humwagia maji ya kufulia. Akaanza kugonga. Fimbo ikazama kirahisi mno, kama kijiti kwenye wali. Halafu chini kule kitu kikapasuka, kah. Akadhani ni kigae cha zamani, akaongeza nyundo mbili za nguvu.

Ndani, binti yake Laras alipiga yowe.

Alimkuta sakafuni, mtoto wa miaka sita, ameshika kitovu kwa mikono miwili. Doa la damu lilikuwa kwenye blauzi, dogo kama punje ya njugu. Endah, mkewe, alimfunua akatazama.

"Mdudu huyu," alisema. "Niletee mafuta, Baba Laras. Na uache kugongagonga, kichwa kinaniuma."

Prasojo alileta mafuta, kisha akarudi kwenye meza yake. Aliunga waya wa ethi kwenye kasha, akachomeka umeme, akangoja taa ipate moto, akavaa hedifoni. Kimya. Hakuna hata chembe ya mvumo. Alifurahi hadi machozi yakamlenga, akafumba macho akiionja ile raha ya kumnyamazisha Gandung. Ndipo akasikia, nyuma ya ule ukimya, mtu anavuta pumzi.

Alivua hedifoni. Chumba kizima kilinuka damu mbichi na udongo uliolowa.

Mwanamume mwenye akili angechomoa. Prasojo alisema moyoni kwamba ni taa mbovu, zile za kizamani hupokea kila aina ya mlio, akaibadilisha akaweka ya akiba. Taa mpya ikawaka. Pumzi ikarudi, karibu zaidi, kwenye sikio la kushoto tu, kisha ikawa sauti ya kitoto.

"Baba. Mbona umenichoma?"

Kesho yake Laras hakuweza kusimama. Kidonda cha kitovuni kilikuwa kimefunguka kama mdomo, na kila amplifaya ilipowashwa kilitoa damu. Endah hakuuona uhusiano. Prasojo aliuona, Mungu amsamehe, akajiambia ni bahati mbaya tu, kesho ndiyo Jumapili, acha nisikilize mara moja ya mwisho nihakikishe. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Alivaa hedifoni.

"Baba," sauti ilisema. "Nimekuja."

Akageuka. Laras alikuwa nyuma yake, amesimama wima, damu ikimchuruzika hadi magotini. Mkononi alishika pasi ya kulehemu. Waya wake ulikuwa unaburuta sakafuni, haukuchomekwa popote, na ncha yake ilikuwa nyekundu.

"Laras, mwanangu, weka chini hiyo."

"Laras ni dada," alisema yule mtoto, kwa sauti ileile ya kwenye hedifoni. "Mimi hujanipa jina."

Akamrukia. Ncha iliingia sikio la kushoto, nyama ikachoma, na Prasojo, mwanaume wa kubeba gunia la mchele begani, akashindwa kuung'oa mkono wa mtoto wa miaka sita kutoka kichwani mwake, akaanguka na kiti, akalia kama mbuzi, na Endah aliyeingia mbio kutoka jikoni akamshika bintiye kiunoni akarushwa hadi kabatini, sahani zikamwagika juu yake, mfupa wa mkono ukalia, naye hata hivyo akainuka na mkono mmoja uliobaki, akavuta kutoka msumarini kile kitambaa alichombebea Laras alipokuwa mchanga, akamtupia, akamlalia kwa uzito wake wote na kumfunga.

Mtoto alijipinda ndani ya kitambaa akikoroma.

"Hiyo fimbo," Endah alinong'ona, akihema. "Uliipiga wapi?"

"Nje. Mlangoni."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Endah alimkazia macho. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Kushoto, Baba Laras? Na mtoto wetu ni wa kike?"

Hapo Prasojo akakumbuka. Kwetu mtoto hazaliwi peke yake. Kondo la nyuma linalomfuata kutoka tumboni ni mdogo wake, na baba ndiye anayelikosha kwa mikono yake, analitia kwenye chungu kipya pamoja na chumvi, analizika mlangoni, wa kiume kulia, wa kike kushoto, na kumwashia taa asiogope giza. Prasojo alikuwa amefanya yote hayo. Alikuwa amelia siku ile kwa furaha. Kisha miaka ikapita, taa ikaondolewa, maji ya kufulia yakamwagwa pale, akasahau.

Akampigia simu Gandung, na Gandung akamleta kwenye pikipiki, kwenye mvua, Bibi Karsi, mkunga aliyempokea Laras alipozaliwa. Mwanamke mfupi, mkavu, sigara ya karafuu imezimika mdomoni. Alimtazama mtoto, akatazama amplifaya mezani, akatazama waya uliotoka dirishani kuelekea kwenye fimbo.

"Wewe ndiye uliyemzika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ndiye uliyemchoma. Hongera." Alitema ile sigara. "Chungu kilichopasuka ni mlango. Lipo jini lililokuwa likipita njia yake, limekuta mlango wazi na sauti ya mtoto ndani, limeivaa. Waya wako umelipandisha hadi sebuleni kwako. Kaing'oe hiyo fimbo. Mikono mitupu. Na uombe radhi kwa sauti, siyo moyoni. Ukiachia katikati, litabaki humu kwa huyu."

"Tukate waya kwanza?" Gandung aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukate, ubaki na nini? Limtoke lipite wapi?"

Gandung aliuchomoa umeme ukutani angalau. Taa ya amplifaya haikuzimika. Ilizidi kuwaka, kutoka rangi ya chungwa ikawa nyekundu kama jicho linaloumwa.

Prasojo alipiga magoti kwenye tope akaikamata fimbo. Ilikuwa ya moto. "Nisamehe, mwanangu," alisema, akavuta, na ngozi ya viganja ikashikamana na shaba, na kule ndani sauti ikaanza kumwita kwa upole, Baba, Baba usinitoe, kuna baridi, mimi nakupenda kuliko yeye, kisha upole ukaisha ikawa matusi ambayo mtoto hayajui, kisha akasikia kichwa cha Laras kikigongwa sakafuni, du, du, du, na Bibi Karsi akipiga kelele kwa sababu ameumwa kidole hadi mfupani, na Endah akilia, "Vuta, vuta wewe mwanaume, unaniulia mtoto," naye akavuta huku akisema nisamehe, nisamehe mwanangu, sikupiga hodi, nisamehe, moshi ukitoka kwenye mikono yake mwenyewe, hadi udongo ukafanya mlio kama wa mtu anayecheua na fimbo ikatoka yote, ncha yake imebeba kigae cha chungu na kitu cheusi kinachodondoka.

Ndani, taa ya kioo ililipuka. Vipande viliingia ukutani, kimoja kikaingia shavuni mwa Gandung.

Kisha ikasikika mvua tu. Laras alifungua macho ndani ya kitambaa, akamtazama mama yake.

"Mama, nina njaa," alisema. Sauti ilikuwa yake.

Walimzika upya yule mdogo mtu, kwenye chungu kipya, kitambaa cheupe, chumvi, na taa juu yake. Prasojo alichimba kwa vidole vilivyoungua, na safari hii aliomba njia. Bibi Karsi alifunga kidole chake, akapanda pikipiki.

"Limetoka, Bibi?" Endah alimuuliza, mkono wake umefungwa shingoni.

"Limetoka lililotoka," alijibu bibi. "Msimwache peke yake."

Jumapili Prasojo hakwenda mkutanoni. Aliisaga amplifaya kwa nyundo, kasha, transista, waya, vyote, akavitia kwenye gunia na Gandung akalipeleka mbali. Laras alikula wali na tempe ya soya, akaomba tena, akacheka babake alivyofungwa bandeji kama mpiga ngumi. Kitovu kilikuwa kimefunga. Ilipokaribia magharibi akasinzia mkekani, na Prasojo akaketi pembeni yake, akamshukuru Mungu kwa kweli.

Ndipo akausikia. Nnnnnn.

Aliinuka akachomoa friji. Akachomoa feni. Akazima swichi kuu, nyumba ikawa kiza. Mvumo ulikuwapo palepale, wa chini, haupandi wala haushuki. Alirudi mkekani akainama, akaleta sikio lake lililobaki kifuani pa mtoto.

Aliuweka mkono wake wenye bandeji mgongoni mwa Laras. Ukakatika.

Akauondoa. Ukarudi, na chini ya kope zilizofumba macho ya mtoto yakaanza kutembea.

Akauweka tena.

"Baba Laras," Endah aliita kutoka jikoni. "Mbona umezima umeme? Njoo basi ule."

"Nakuja," alisema Prasojo. Kiganja kilikuwa kinamwasha kwa maumivu, jasho linamtoka, na nje taa ya kwenye chungu ilikuwa inapepesuka. "Anza wewe, Mama Laras. Nakuja."

Hakuuinua mkono.