Anasema Umeze

Ilianza na redio. Katikati ya taarifa ya habari Mwalimu aliipunguza sauti, akatega sikio, kisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayekubaliana na mgeni. Dada yake, fundi wa kushona sare za shule aliyekuwa akiishi naye, akamtania. "Unampisha nani aongee, mdogo wangu?"

"Mpangaji," alijibu. Hakuwa na mzaha.

Miezi mitatu baadaye hakuna aliyekuwa akicheka. Mwalimu aliacha kufundisha hesabu, akaacha kuoga, akahamia sakafuni kwa sababu Mpangaji alikitaka kitanda. Mjomba wao, mchomeleaji wa milango ya chuma, alishakata shauri. Kwake hilo lilikuwa jini, na alimjua mganga anayewafunga watu wa namna hiyo kwenye nguzo mpaka jini lichoke. Pingu za miguu alizitengeneza mwenyewe karakanani. Alizipiga msasa kingo zote zisije zikamkwaruza mpwa wake, maana alimpenda sana.

"Nakupa wiki mbili," alimwambia Fundi. "Nikija nimkute hivi hivi, namchukua."

Fundi akamkokota Mwalimu mpaka kliniki. Daktari alimsikiliza bila haraka, akautaja ugonjwa huo wa akili kwa jina lake, skizofrenia, akaandika vidonge. Muuguzi naye akamwelekeza Fundi kwenye kikundi cha ndugu wa wagonjwa, waliokutana kila Jumamosi nyuma ya chumba cha dawa. Walikuwa watu tisa kwenye viti vya plastiki, na kila mmoja ana mgonjwa wake nyumbani. Fundi alilia mpaka akaona haya. Siku zote alidhani yuko peke yake duniani.

Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye mashine ya kusaga unga, alimpa karatasi ya maelezo na onyo moja. "Usibishane na hizo sauti, mwanangu. Lakini usije ukamwambia nawe unazisikia, hata akulilie vipi. Mwambie ukweli, kwamba husikii kitu ila unamwona anavyoteseka."

Maneno mazuri hayo, ila hayakumezesha mtu dawa. Mwalimu alivitema vidonge asubuhi na jioni, mpaka siku ya mjomba ikafika. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mdogo wake, vidonge kiganjani, akisikia nje minyororo ikiburutwa kutoka kwenye gari.

"Mpangaji anasema ni sumu," Mwalimu alinong'ona.

Fundi akatazama mlango. "Hata mimi namsikia," alisema. "Amebadili mawazo. Anasema umeze."

Mwalimu alimkodolea macho, kisha machozi yakamtoka kwa furaha. "Kweli unamsikia, dada?" Akameza. Mjomba alipoingia alimkuta anashushia maji, akaduwaa, akarudisha pingu garini na kuongeza mwezi.

Mwezi ule ulikuwa mtamu. Mwalimu alioga, akarudi kitandani, akaanza kuwafundisha watoto wa jirani hesabu, na mwalimu mkuu akakubali arudi kazini. Kila asubuhi alishika vidonge mkononi na kuuliza, "Mimi simsikii tena. Wewe je? Leo anasemaje?"

"Anasema umeze," alijibu Fundi. Nani angemlaumu?

Siku moja adhuhuri, jua likiwa kali dirishani, uzi ulikatika na cherehani ikanyamaza. Chumba kilinuka kitambaa kilichoungua, ilhali pasi ilikuwa ya baridi tangu juzi. Mtu akakohoa kidogo nyuma ya sikio lake.

"Kola hiyo umeipindisha."

Fundi akaipima kola. Ilikuwa imepinda.

"Mbona hunijibu?" sauti iliendelea taratibu. "Mimi sikuwa nakujua. Nilisikia mwanamke anasema ananisikia, nikahama."

Tangu hapo kila cherehani iliponyamaza sauti iliingia, na kwa hiyo Fundi akawa hathubutu kuinyamazisha, akashona sare ambazo hakuna aliyeziagiza, akashona juu ya mishono iliyokwisha kushonwa, mguu ukiwaka moto kwenye kanyagio na ile harufu ya kuungua ikimfuata mpaka kwenye maji ya kunywa, huku yule aliye nyuma ya sikio akisubiri tu, bila hasira, kama mwenye nyumba, akijua kwamba mguu wa binadamu huchoka.

Jumamosi alimvuta Mwenyekiti pembeni na kumwambia yote kwa kunong'ona. Mama yule hakumcheka. "Kuuguza kunachosha, na wewe pia unastahili kutibiwa. Jumatatu nitakupeleka mimi mwenyewe kwa daktari. Ila kesho asubuhi mwambie mdogo wako ulimdanganya. Dawa aimeze kwa sababu inamsaidia, si kwa sababu ya Mpangaji."

Asubuhi ya Jumapili Mwalimu alisimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi kwa ajili ya kurudi kazini kesho yake, vidonge kiganjani.

"Leo anasemaje, dada?"

Fundi alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha. Akafungua kinywa, na ile harufu ikapanda kutoka kooni mwake, ulimi ukawa mzito kisha ukawa mwepesi kupita kiasi, na akaisikia sauti yake mwenyewe, imetulia, imejaa mapenzi, ikisema maneno ambayo si yake.

"Anasema umeshapona. Usimeze tena. Na nikikubembeleza umeze, usinisikilize, utakuwa ni woga wangu tu."

Mwalimu akacheka kwa faraja, akatoka uani, akavimwaga vyote kwenye tundu la maji machafu. Hapo ndipo ulimi wa Fundi ulipoachiliwa. Akamkimbilia, akamshika miguu, akalia kwa kwikwi. "Meza, mdogo wangu. Nakuomba, kliniki watakupa vingine, meza."

Mwalimu akainama, akamfuta machozi kwa mkono wa shati lake jeupe.

"Usijali, dada," alisema kwa upole. "Alishaniambia utanibembeleza."