Kiu ya Mume Wangu

Nina miaka arobaini na mmoja, mjane, mama wa watoto watatu. Ninauza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni Bagira. Wasomaji wenzangu, nimeitwa mlisha sumu, na sumu sijawahi kuigusa!

Mume wangu, seremala, alianza kwa kiu. Alimaliza maji ya bidoni, dumu zima, akataka mengine. Kila saa chooni. Suruali zikaanza kumvuka kiunoni... Nikaogopa.

Jumapili moja baada ya misa, wauguzi walikuja parokiani kupima tansio ya damu na sukari bure. Nilimbembeleza, akakubali kupanga foleni. Ndipo dada yake mkubwa, wifi yangu Nsimire, akamtoa pale mbele ya watu wote.

"Hii haiko ugonjwa ya sindano, ni karuho! Bibi yako anakulisha. Wakikutoboa, ile sumu itapanda ku roho, utakufa!"

Karuho! Sumu ya polepole tunayoiogopa hapa Bukavu kuliko risasi. Nani angenisikiliza mimi? Tangu siku ile mume wangu hakugusa chakula changu. Nilionja mbele yake, bado akasukuma sahani. Niliumia, jamani...

Ndugu zake wakampeleka kijiji cha Miti kwa mganga wa kutapisha. Alitapika mpaka akaishiwa nguvu, na ili azirudishe, wifi akamnywesha juisi ya ndizi na chai ya sukari tele. Nilifuata nikilia, wakanifungia mlango.

Walipomfikisha hospitali, alikuwa hajitambui. Daktari alipima tone la damu, akasema ni sukari, imepanda mno. Mume wangu hakuamka tena. Na bado, matanga yalipokwisha, wakanifukuza na wanangu!

Juzijuzi Nsimire alikuja mezani kwangu sokoni. Amekonda, midomo imekauka. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena.

"Na wewe, wifi, nani alikupa karuho?" nilimuuliza. "Mimi sipike tena kwako."

Akalia. Kwa hasira ningeweza kumwacha! Lakini nilifunika sambaza zangu, nikamshika mkono mpaka kituo cha afya. Ilikuwa sukari. Sasa anakunywa dawa.

Ndugu zangu, mambo ya karuho sitabishana na mtu. Lakini kabla hujamnyooshea kidole mke wa kaka yako, mpeleke kaka yako akapimwe, nawasihi! Siku ile parokiani, kwenye foleni, mbele ya mume wangu alikuwa amebaki mtu mmoja tu.