Jumanne Bila Petroli

Kila Jumatatu nyumba ya Earline ilinukia maharage mekundu. Ilikuwa hivyo tangu enzi za bibi yake. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na maharage yalijichemkia taratibu huku mama wa nyumbani akihangaika na beseni. Siku hizi mashine ndiyo inayofua, lakini maharage hayajahama siku yake.

Mama Clotilde, mama yake Earline, alikuwa mezani akiyachagua kwa vidole. Macho yake yalikuwa yanafifia.

"Earline, huyu binti yako Renata atabatizwa lini?"

"Mama, umeanza tena! Mchungaji kasema tutumie birika la kubatizia la ndani ya kanisa."

"Birika? Mjukuu wangu azamishwe kwenye sinki kama sahani? Mimi nilizamishwa kijitoni. Wewe ulizamishwa kijitoni. Nataka nimwone naye, kabla macho haya hayajazimika."

Earline aliikumbuka siku yake. Wasichana walivaa nguo nyeupe na vilemba vyeupe, na akina mama waliimba ukingoni. Shemasi Alcide alitangulia majini na fimbo ndefu. Alipima kina, akapigapiga maji ili nyoka wakimbie. Maji yalikuwa baridi na yalinukia majani. Ee, siku zile zilikuwa tamu jamani!

Sasa kijito kilikuwa na utando mweusi. Mwaka uliopita bomba la kampuni ya Delmar lilipasuka. Kampuni iliziba bomba, ikaondoka zake. Tope la mafuta likabaki.

"Tutawakomesha," Earline alisema. "Kesho Jumanne hakuna kununua petroli. Kanisa zima limekubali."

Jioni ile alikwenda kujaza gari, lisije likamkaukia Jumanne. Kituo kilikuwa cha Shemasi Alcide, chini ya bango la Delmar. Alikuta foleni imefika barabarani. Kanisa zima lilikuwa humo.

"Dada Earline!" Alcide alicheka huku kashika tumbo. "Kwani kimbunga kinakuja? Sijauza namna hii tangu kile cha mwisho!"

Jumanne kituo kilikuwa kitupu. Jumatano magari yakarudi. Delmar hawakujua hata kama Jumanne ilipita.

Earline akapandwa na hasira. Akawaambia watu wasikanyage tena kwa Alcide. Wakawa wanajaza kwenye kituo cha barabara kuu, chenye bango jingine. Wiki zikapita. Jumapili moja Alcide alikaa benchi la nyuma, hakusalimia mtu. Earline alimfuata nje.

"Shemasi, umetununia?"

"Bango ni lao, duka ni langu," Alcide alijibu. "Mmenikomesha mimi. Na hayo mafuta ya barabara kuu mnajua yanatoka wapi? Dereva wa lori ni yule yule. Anachota kwenye ghala lile lile la Delmar."

Earline alitamani ardhi ipasuke. Mtu huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya ubatizo wake! Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bi Odessa, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi hadi alipostaafu. Alimkuta barazani akimenya kamba wa kitoweo.

"Keti, mwanangu, unisaidie kumenya," Bi Odessa alisema. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Nilikuwa mtoto mjini Baton Rouge, hapa hapa Louisiana, watu wetu weusi walipogomea mabasi kwa kubaguliwa viti. Mabasi yalipita matupu. Sisi tumebanana kwenye gari la muuza nyama, tunabebwa bure, tunaimba. Watu waliokuwa hawasemeshani miaka wakakaliana mapajani. Lo! Nilimwomba Mungu mgomo usiishe."

"Sasa mbona wetu umeshindwa?"

"Kampuni ya mabasi ilikula mikononi mwetu. Abiria wengi tulikuwa sisi. Delmar inauza dunia nzima. Usiponunua wewe, atanunua mwingine. Halafu ninyi mlinunua Jumatatu mafuta ya Jumanne! Huko si kugoma, mwanangu. Huko ni kuwahi."

Earline akacheka kwa aibu.

"Na Delmar mliwaambia mnataka nini?"

Hakuna aliyewaambia.

"Haya. Wewe ni dereva wa basi la shule. Jumanne ile basi ulilijaza wapi?"

"Kwenye yadi ya shule, kama kawaida."

"Mafuta ya nani?"

"Mama yangu wee!" Earline alishika kichwa. "Ya Delmar!"

"Umeona? Mabasi yote ya wilaya yanakunywa kwa Delmar, kwa mkataba. Na mkataba unaisha. Tafuta mnunuzi mkubwa ambaye hawataki kumpoteza. Mwambieni aseme jambo moja tu: safisheni kijito, au tunanunua kwingine. Msiseme siku moja tu. Semeni mpaka wasikie. Na malalamiko yapelekeni pia kwenye ofisi ya mazingira."

Kwanza Earline alimwomba Alcide radhi mbele ya kanisa, na magari yakarudi kwake. Kisha wazazi, wavuvi na madereva wakaenda pamoja kwenye kikao cha bodi ya shule. Alcide alikuja na fimbo yake ya ubatizo. Alikuwa ameichovya kijitoni. Akailaza mezani, nusu yake nyeusi tititi. Mwandishi wa gazeti akaipiga picha. Bodi ikakataa kutia saini mkataba mpya mpaka kijito kisafishwe, na bodi ya wilaya jirani nayo ikaanza kuuliza maswali.

Wafanyakazi wa Delmar walirudi na mashine. Ofisi ya mazingira ikawasimamia mpaka maji yakapimwa na kupita.

"Ni mgomo uliowashinda, au ni gazeti?" Earline aliuliza.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Bi Odessa alijibu.

Masika yaliyofuata, akina mama waliimba tena ukingoni. Alcide alitangulia majini na fimbo mpya ya mti mweupe. Aliichovya, akaiinua juu.

"Imetokaje?" Mama Clotilde aliuliza. Macho yake sasa yaliona ukungu tu.

"Safi, Mama. Inadondosha maji matupu."

"Na kile cheupe pale, ndiye Renata?"

"Ndiye, Mama. Ndiye."

Mama Clotilde alifuta machozi kwa kiganja.

"Namwona," alisema. "Mwambie Alcide apigepige maji vizuri. Nyoka hawajagoma."