Mwanamke Aliyemzibia Daktari Mwanga

Mimi simulizi za kutisha nilikuwa nazicheka, mpaka jambo lilipomkuta mama yangu mdogo, mtu asiyejua kutia chumvi. Yeye ni nesi. Wakati huo alikuwa peke yake kwenye zahanati ya vyumba viwili, mwendo wa nusu siku kutoka barabara ya lami.

Kule simu ilikuwa pambo. Ukitaka kuongea na mtu ulipanda kilimani, ukasimama juu ya jiwe fulani, ukanyoosha mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Wenyewe walikiita Kilima cha Haloo. Ndipo siku moja akaja fundi na gari lake, akafunga juu ya bati kitu cheupe, bapa, kinachotazama mbinguni. Kinaongea na setilaiti, akasema. Watu wakakiita sinia. Kabla jua halijazama, mama mdogo alikuwa anamwona daktari wa hospitali kubwa kwenye tableti, safi kabisa, utadhani wamekaa meza moja.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mtoto aliyeungua maji ya moto alitibiwa huku daktari akielekeza. Mzee mmoja alikuja amevaa koti na tai, eti haonani na daktari hovyohovyo. Mama mdogo akanipigia akicheka. "Mwanangu, upweke umeniisha."

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua kali. Alikuja binti mwenye mimba ya kwanza, amesindikizwa na mama mkwe wake. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, lakini mtoto hashuki. Mama mkwe akabaki barazani. Mama mdogo akamlaza mgonjwa kitandani, akaisimamisha tableti juu ya kabati la dawa, akampigia daktari.

Wakaongea habari za presha na mapigo ya moyo wa mtoto. Kisha daktari akasema, "Dada, hebu mwambie huyo mama aliye nyuma yako asogee. Ananizibia mwanga."

Mama mdogo akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Mama yupi?"

"Huyo aliyejifunika shuka. Si ndugu wa mgonjwa?"

Pembeni mwa kioo cha tableti kulikuwa na kijipicha kinachoonyesha chumba. Akakitazama. Yeye, kitanda, mgonjwa. Basi.

"Daktari, tuko wawili tu humu."

Daktari akasogeza uso karibu na kioo. Alipofungua kinywa tena, alikuwa ananong'ona.

"Dada. Anazunguka kitanda."

Mama mdogo akatazama kitandani. Na wala chumba hakikuwa na giza. Jua lilikuwa limejaa dirishani, hata vumbi likielea unaliona. Upande wa pili wa kitanda hapakuwa na mtu.

"Anainama," daktari akanong'ona. "Anaweka mikono tumboni."

Mgonjwa akashtuka. Macho alikuwa ameyafumba.

"Nesi," akasema, "mbona mikono yako ya baridi hivyo?"

Mikono ya mama mdogo ilikuwa kifuani pake mwenyewe.

Akaangalia tumbo. Ngozi ilikuwa imebonyea. Vishimo kumi. Vinasogea. Vinashuka chini taratibu, kama vidole vya mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto.

"Mtoe humo," daktari akasema. "Mtoe sasa hivi."

Mama mdogo hakuuliza kitu. Akamshika mgonjwa kwapani, akampigia kelele mama mkwe. Wakavuta wawili. Mgonjwa hakusogea. Wakavuta tena. Mama mdogo anaapa mpaka leo: ule haukuwa uzito wa binti yule. Kuna kilichokuwa kinamvuta upande wa pili.

Kisha kikaachia.

Ghafla. Wakayumba wote watatu, nusura waanguke, wakajikokota mpaka barazani. Mtoto akazaliwa pale pale juani, juu ya koti jeupe la kazi la mama mdogo. Ilikuwa bado saa tisa haijagonga. Mtoto wa kike. Alilia papo hapo. Mama mdogo naye akalia.

Ndani hakurudi mtu siku hiyo. Alifunga mlango kwa nje, ufunguo akalala nao mkononi, nyumbani kwa mama mkwe wa yule binti.

Kesho yake fundi akafika, ametumwa na daktari aje aone. Wakafungua mlango pamoja. Tableti ilikuwa imezima, chaji imekwisha. Kitanda walichokiacha shaghalabaghala kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooshwa, kingo zimekunjwa vizuri chini ya godoro.

Na mezani daftari la vizazi lilikuwa wazi.

Mama mdogo hakuwa ameligusa. Hata yule mtoto wa barazani alikuwa bado hajamwandika. Lakini palikuwa na mstari mpya. Tarehe ya jana. Saa kumi na moja jioni, mlango ukiwa umeshafungwa. Mtoto wa kike, hai. Kwenye nafasi ya jina la mama, hapakuandikwa kitu.

Kwenye nafasi ya mkunga palikuwa na jina la mama mdogo. Mwandiko wake. Saini yake.

"Labda uliandika ukasahau," fundi akanong'ona, akapitisha kidole juu ya ile saini.

Wino ukamchafua. Ulikuwa bado mbichi.