Mwenyeji wa Mji Mtupu

Mama alikumbuka miwani yake basi likiwa limeshawashwa.

"Nimeiacha kule kwenye kiti cha mawe," alisema, akijipapasa kifuani, kichwani, mapajani. "Pale tulipokunywa maji."

Dada Mkubwa alifumba macho kidogo. Safari nzima yeye ndiye aliyekuwa mkoba wa familia: pasi za wote alizibeba yeye, dawa za presha za Mama alizibeba yeye, hata soksi za Shemeji, mume wa mdogo wake, zilikuwa ndani ya begi lake. Magofu waliyotoka kuyatembelea yalifungwa jua likizama, na jua lilikuwa limeshagusa kuta.

"Si tutamnunulia nyingine," alisema Shemeji, kichwa kimeegemea dirisha.

"Kesho tunapanda ndege. Na bila miwani Mama hata kijiko hakioni."

"Twende, dada!" Mdogo wake alikuwa ameshashuka. Nyumbani aliitwa Kelele tangu utotoni, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Urudi naye huyo," Mama alimwambia Dada Mkubwa. "Akikuta jiwe lenye masikio ataongea nalo mpaka kuche."

Wakacheka wote.

Mlinzi wa lango aliwaonyesha jua, kisha akawaonyesha kufuli. Nchi ile hawakujua lugha yake hata neno. Wiki nzima walikuwa wakinunua maji kwa ishara. Dada Mkubwa akaunganisha viganja kumwomba. Mlinzi akashusha pumzi, akawafungulia.

Mchana mji ule wa mawe ulikuwa umejaa watalii. Nyumba hazikuwa na paa wala milango, zilibaki fremu tu, na Kelele alikuwa ameufanya mchezo. Kila fremu waliyofika alisimama akapaza sauti: "Hodi wenye nyumba!" Fundi, rafiki wa Shemeji, alijificha ndani akaitikia kwa sauti ya kibibi: "Karibuni! Viti vimepelekwa kufuliwa!" Mama alicheka hadi akashika ukuta. Dada Mkubwa aliwaambia mara moja tu kwamba hapa waliishi watu. Wakamwita mwalimu wa zamu.

Sasa hapakuwa na mtu. Mawe yalikuwa yanapoa. Mahali fulani kitu kidogo kilianguka, kikanyamaza.

Miwani ilikuwa pale pale kwenye kiti. Imekunjwa. Imefutwa vizuri.

"Mama tangu lini anafuta miwani?" Kelele alicheka.

Dada Mkubwa aliitia mfukoni, wakageuka. Walipofika kwenye kichochoro cha nyumba nyingi, Kelele akashindwa kujizuia.

"Hodi!"

"Karibu."

Wakasimama.

"Fundi, toka huko," alisema Dada Mkubwa. "Lango linafungwa."

Ikaja ile sauti tena, ya mwanamke mtu mzima, taratibu:

"Karibu ndani, mwanangu. Mbona unasimama mlangoni?"

Ilikuwa lugha yao. Safi, kama ya jirani wa nyumbani.

"Kumbe kuna mtu wa kwetu huku!" Kelele alifurahi. Akavua ndala zake kizingitini, kama walivyolelewa. "Asante, Mama. Shikamoo."

"Kelele, ngoja..."

Alikuwa ameshaingia.

"Marahaba," ilijibu sauti.

Mchana chumba kile hakikuwa na paa. Waliona mawingu humo. Sasa juu palikuwa na giza zito, giza la nyumba iliyoezekwa. Ilitoka harufu ya majivu ya moto yaliyomwagiwa maji.

Kelele alikuwa akisema ndani, haraka haraka, kama kawaida yake: wametoka wapi, wamekuja na nani, mume wake anavyokoroma. Halafu akakatika. Katikati ya neno.

Dada Mkubwa hakuwahi kumsikia mdogo wake akikatika katikati ya neno.

"Kelele?"

"Dada..." Ulikuwa mnong'ono. "Nimeambiwa nikae."

"Nani amekuambia? Toka."

"Simwoni. Amenishika mkono. Ni mpole, dada... lakini haachii."

Miguu ya Dada Mkubwa ilitaka kukimbia kumfuata mlinzi. Angemwambia nini, na kwa lugha gani? Tena hapa hapakuvunjwa nyumba ya mtu. Walibisha, wakakaribishwa, wakaingia. Akasema kama mtu aliye sebuleni kwa watu:

"Mama mwenye nyumba, tunashukuru kwa kutukaribisha. Tunaomba ruhusa. Mzee wetu anatusubiri."

Ndani kitu kilisogea. Kwaa... kwaa... Kama maganda makavu ya mahindi yanayoburutwa sakafuni.

"Mapema hivi?" Sauti ilikuwa na huzuni. "Leo mmebisha mchana kutwa. Kila mlango. Nikawa naitikia, naitikia, hamsikii."

"Tusamehe, Mama. Tulikuwa tunacheza."

"Nimekaa sana peke yangu. Haya. Basi niwasindikize."

Mgeni hakatai kusindikizwa. Dada Mkubwa akasema lile linalosemwa.

"Tutashukuru."

Alisikia ndala zikivaliwa. Mkono ukaingia mkononi mwake, wa moto. Akaukamata kwa nguvu zake zote.

"Usigeuke," alinong'ona.

"Sigeuki."

Wakatembea. Upande wake wa kulia, pa, pa, pa, ndala za Kelele. Upande wa kushoto, kwaa... kwaa... Harufu ya majivu ilikuwa inamwingia mpaka kwenye koo. Mwisho wa kichochoro ikaonekana taa ya lango.

Na yule bado anakuja.

Hapo akakumbuka kwamba mwenyeji harudi mpaka aambiwe. Mgeni ndiye husimama, akashukuru, akamrudisha. Akasimama. Hakugeuza shingo.

"Umefika mbali, Mama. Inatosha. Rudi sasa, sisi tutafika."

Hatua zikatulia pande zote.

Kisha ule mkono wa moto ukaanza kumtoka. Kidole kwa kidole. Alijaribu kuukaza, ukateleza kama sabuni.

Pa... pa... pa...

Ndala zilikuwa zinarudi nyuma.

Na kushoto kwake, kwaa, kwaa, mwendo ukaendelea kwenda langoni.

Alipiga ukelele akarudi mbio, akijigonga kwenye kuta, akiita. Mlinzi alimkuta amepapasa fremu zote za kichochoro kile, akamvuta kwa kiwiko hadi kwenye taa. Chini ya taa alisimama Kelele. Uso wake. Gauni lake. Pengo lake la jino. Miguu mitupu.

"Ndala zako ziko wapi?"

"Nimeziacha nyumbani," alisema Kelele, kwa upole.

Dada Mkubwa alimwonyesha mlinzi magofu kwa mikono miwili, akamshika shati. Mlinzi akamwonyesha vidole: mmeingia wawili, mmetoka wawili. Akafunga kufuli.

Kwenye basi Mama alivaa miwani, akamtazama binti yake mdogo kwa muda.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, Mama."

"Leo Kelele amekwisha chaji!" Fundi alicheka. "Jamani, tumshukuru nani?"

Kelele akatabasamu, akanyoosha gauni magotini, akakaa kama mgeni. Shemeji alikuwa ameshalala.

Asubuhi Dada Mkubwa alimsihi dereva apitie tena magofuni kabla ya uwanja wa ndege. Alisema wanafuata ndala. Akamwambia Shemeji amshike mkewe asishuke, akaenda peke yake, nusu anatembea nusu anakimbia.

Chumba kilikuwa wazi juani. Kifusi kilijaa hadi kiunoni, majani yameota katikati. Mtu hangeweza kukaa humo, wala paka. Kizingitini hapakuwa na kitu.

"Mdogo wangu," aliita, kwa sauti ya chini.

"Naam, dada."

Ilitoka chini ya mawe. Karibu. Imekauka kidogo, kama ya mtu aliyeongea usiku kucha.

Mkono ukamgusa begani.

"Naam, dada," alisema Kelele nyuma yake. Hakuwa amesikia hatua zake. "Mama anakuita. Tutachelewa ndege." Alikitazama kile chumba kama mtu anavyotazama nyumba aliyohama.

Dada Mkubwa akapiga magoti. Akang'oa jiwe la kwanza, akatupa. La pili. Kucha zikavunjika. Filimbi ya mlinzi ikalia, watu wakaja mbio, na Shemeji na Fundi wakamshika makwapani.

"Dada, una nini? Unatafuta nini?"

"Mkeo yumo humu! Chimbeni!"

"Mke wangu huyu hapa." Shemeji alikuwa karibu kulia. "Mtazame, dada. Huyu hapa!"

Walimwinua. Mama naye alikuwa ameshafika kichochoroni, amejishika kichwa, analia, na Kelele alikuwa amemkumbatia mabega, anamfuta machozi kwa upindo wa gauni. Walipokuwa wanamburuta, Dada Mkubwa peke yake alisikia tena, chini ya mawe, ile sauti aliyoilea tangu haijui kutamka maneno:

"Dada, nisubiri. Nataka kuaga nitoke... ila humu ndani hamna mtu."