Doa Pembeni ya Tanuru

Harufu ya siki ilianzia jikoni, ilhali nyumba ile ya mtaa wa Izia haikuwa na siki. Mwalimu Yusto alifungua chupa moja moja, akanusa, akarudisha. Mkewe Cornelia alisimama mlangoni na ungo wa ulezi, akimtazama bila kumsaidia.

"Usitafute," alisema. "Naijua. Ndivyo filamu inavyonuka ikioza."

Lakini filamu zote zilikuwa Ulaya, Cornelia alikosomea historia na urithi wa filamu hadi shahada ya uzamili, kwa udhamini kamili. Kazi yake ya mwisho huko ilikuwa kusafisha kwa kompyuta, picha kwa picha, filamu ya zamani iliyopigwa na padri mmoja mgeni hapa Ufipa: wazee wakiyeyusha chuma katika tanuru refu la udongo, lililopambwa kama bibi harusi. Filamu ilipata tuzo. Utepe wenyewe ulikuwa umeoza, na kwa kuwa uozo huo huambukiza tepe nyingine, uliteketezwa.

Kesho yake, mchana kweupe, ukuta wa sebuleni ukaanza kupumua. Ilikuwa sauti ya mivukuto ya wahunzi: vuu, ikakaa, vuu. Jirani yao Mama Justa, aliyekuja kuomba chumvi, aliisikia, akanong'ona kwamba hilo ni jini, akaondoka bila chumvi. Ndipo Yusto alipoitazama picha yao ya harusi. Yeye alikuwepo, na suti yake, na mkono ameukunja kama aliyeshikwa. Na pale alipopaswa kuwa Cornelia palionekana ukuta wa kanisa, tofali kwa tofali, safi, kana kwamba hapakuwahi kusimama mtu.

Cornelia alikaa sakafuni.

"Hivyo hivyo ndivyo nilivyomfuta," alisema.

Alieleza kwa sauti ya chini kwamba katika kila picha ya filamu ile, pembeni ya tanuru, palikuwa na doa jeusi lenye kimo cha mtu. Alikuwa ameona kwamba wazee wote walipita kwa kulizunguka, hata waliobeba mizigo mizito ya mkaa. Alimwambia profesa wake. Profesa akajibu kwamba uchafu ni uchafu, na kwamba kazi ikichelewa udhamini utakatwa. Cornelia akalifuta.

Walikwenda kwa Mzee Teodori, ambaye babu yake alikuwa myeyushaji wa chuma. Aliitikia shikamoo zao kwa upole, lakini hadithi ilipofika kwenye doa aliweka kata ya pombe chini.

"Wewe ni Mfipa," alimwambia Cornelia. "Pale hapasimami mtu. Panamwagwa unga wa ulezi, maana ni pake mzimu mwenye tanuru. Hukumuuliza mzee hata mmoja?"

"Sikuuliza, babu."

"Basi huyo siyo jini. Jini hutumwa. Huyo mmemfukuza kwake mkamwita uchafu, sasa anatafuta pa kusimama. Mrudisheni."

Cornelia alimpigia profesa. Akaambiwa filamu ilishafungwa, haiguswi tena. Nakala chafu, ile yenye doa, ilifutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Yusto aliichukua simu, na kwa Kiingereza chake cha darasani akamwambia kwamba mke wake alikuwa anafutika kwa sababu ya amri yake. Profesa alimshauri apumzike.

Alasiri hiyo Yusto alimwaga unga wa ulezi chini ya ukuta, akaupiga ukuta kwa ngumi zote mbili, akamwambia aliyemo amfuate aliyeamuru, avuke bahari akamkute mezani na tuzo yake, lakini mivukuto ilizidi tu kupuliza, na siki ikazidi kuchoma macho, na alipogeuka aliona mlango wa jikoni kupitia bega la mkewe, kisha kupitia kifua chake, kisha kitenge chake kikipauka ua baada ya ua huku yeye akisema, bila kulia, "Aliyefuta ni mimi, Yusto."

Ungo ulibaki sakafuni. Mivukuto ilinyamaza.

Polisi walisema huenda amerudi Ulaya. Watu walimpa Yusto pole. Siki peke yake ndiyo iliyobaki, kali, hasa upande wa kitanda aliolalia Cornelia. Yusto akafunga madirisha isitoke.

Kisha Salome akapiga simu. Alisoma na Cornelia, na alikuwa bado chuoni huko Ulaya. Alimpa pole kwanza.

"Shem, filamu yake imeingia doa jipya. Palepale pembeni ya tanuru. Fupi kuliko la kwanza. Utadhani limejifunga kitenge."

"Salome, msiliguse."

"Siyo mimi, shem. Profesa ameifungua filamu tena, ameliwekea mashine, inafuta yenyewe. Imeanza asubuhi."

"Ichomoe. Ivunje. Kimbia."

Alisikia viatu vyake vikikimbia, mlango, sauti ya mwanamume ikikaripia, kitu kizito kikianguka. Alisubiri, simu sikioni, macho ameyafumba.

"Shem," Salome alirudi akihema. "Nimeichomoa. Nimewahi?"

Yusto alivuta pumzi. Akavuta tena, ndefu, ameinamia mto wa mkewe.

Siki ilikuwa imekwisha; chumba kilinuka unga wa ulezi tu.